Mvua Haifukuzwi: Maana na Kazi ya Nyimbo za Watoto katika Nkuhungu

Nyimbo za watoto wadogo, yaani zile tungo fupi zinazoimbwa kumlaza mtoto mchanga, kumchezesha anayeanza kukaa, kuhesabia zamu katika mchezo au kufundishia viungo vya mwili katika darasa la awali, ni sehemu ya fasihi simulizi ambayo wasomi wameipitia haraka kuliko sehemu nyingine. Methali zimekusanywa na kufasiriwa, vitendawili vimepangwa kwa makundi, tenzi na mashairi ya pwani yamehaririwa kwa uangalifu mkubwa, lakini wimbo ambao msichana wa miaka saba huuimba akiwa amembeba mdogo wake mgongoni umeachwa uende zake, kana kwamba udogo wa mwimbaji ndio udogo wa jambo lenyewe. Makala haya yanatokana na yale ambayo mwandishi wake ameyaona na kuyasikia kwa miaka mingi ya kuishi na kulea katika kata ya Nkuhungu, Jiji la Dodoma, na hoja yake ni kwamba maana ya wimbo wa mtoto haipatikani kwa kupekua maneno yake peke yake, bali kwa kuangalia wimbo huo unamfanya mtoto atende nini, pamoja na nani, na mahali gani.

Nkuhungu ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hiyo. Tangu mwaka 1973, Dodoma ilipoteuliwa kuwa makao makuu ya nchi na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la CDA, ikaundwa ili kupima viwanja na kupanga mji, watu wa kila mkoa wamekuwa wakihamia katika nchi ya Wagogo. Na wimbi hilo liliongezeka Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, CDA ikavunjwa mwaka 2017, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Kwa hiyo katika uchochoro mmoja wa Nkuhungu nyumba ya Mgogo hupakana na ya Mrangi, ya Mnyaturu, ya Msukuma na ya Mchaga, akina mama huazimana ungo na kinu, na watoto wao hucheza katika uwanja mmoja wa vumbi. Kila familia imekuja na nyimbo zake, na wanaoamua zipi zibaki na zipi zisahaulike ni watoto wenyewe.

Uamuzi huo hufanyika jioni. Jua likipungua makali, wasichana huchimba kishimo cha mdako na kupanga kokoto, wengine huruka kamba, wengine hukimbizana katika rede kwa mpira wa matambara, na karibu kila mchezo una wimbo unaouendesha. Mwandishi anamkumbuka binti mmoja wa jirani, wa umri wa kuanza shule, ambaye kila jioni alikuwa na kazi ya kumbeba mdogo wake. Wenzake walipiga makofi wawili wawili, kiganja cha kulia kwa cha kulia, kisha cha kushoto, kisha vyote viwili, kisha kifuani, kwa wimbo uliozidi kasi kila ulipoanza upya. Naye, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika fundo la kanga lisifunguke, hakuweza kupiga makofi, akapewa kazi ya kuanzisha wimbo na kupanga mwendo wake. Akianza polepole mno walimzomea, akienda mbio mno viganja vilikosana hewani, na aliyekosea alitoka akaenda kukaa juu ya msingi wa nyumba ambayo haijainuliwa ukuta. Muda wote huo mtoto wa mgongoni alikuwa akitikiswa kwa mapigo ya wimbo, na kabla duru ya tatu haijaisha kichwa chake kilikuwa kimelala ubavuni kwa dada yake.

Wimbo ulikuwa mmoja na maneno yake yalikuwa yaleyale, lakini kwa wale waliopiga makofi ulikuwa kipimo cha wepesi, kwa yule aliyeuongoza ulikuwa mamlaka, na kwa aliyebebwa ulikuwa bembelezi, yaani wimbo wa kumtuliza na kumlaza mtoto mchanga. Mtu angewauliza maana ya maneno yake wangecheka, kwa sababu nusu ya maneno hayo hayakuwa ya lugha yoyote; yalikuwa sauti zilizopangwa ili ulimi usikwame na viganja visipotee. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba wimbo ule haukuwa na maana, kwa kuwa wenyewe ndio uliokuwa sheria ya mchezo. Hapakuwa na mwamuzi wala mtu mzima wa kusuluhisha. Aliyepotea katika mapigo alijijua, akatoka bila kusukumwa. Hilo ni jambo kubwa zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapokutana kwa mara ya kwanza na kanuni ambayo haikutoka kwa mzazi wala mwalimu, anayoitii kwa sababu akiivunja mchezo wote unakufa.

Watu wazima, hasa waliosoma, hupenda zaidi kutafuta siri iliyofichwa katika maneno. Mfano unaojulikana sana ni wa wimbo mmoja wa Waingereza ambao watoto huuimba wakizunguka wameshikana mikono kisha wakaanguka chini pamoja. Imeenezwa kila mahali kwamba wimbo huo unasimulia tauni iliyoua watu wengi London mwaka 1665, na kwamba kule kuanguka ni kufa. Iona Opie na mumewe Peter Opie, ambao kamusi yao kubwa ya nyimbo za watoto za Kiingereza ilichapishwa Oxford mwaka 1951, walizikataa tafsiri za aina hiyo, na ushahidi uko upande wao: wimbo huo ulichapwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1881, katika kitabu cha mchoraji Kate Greenaway, zaidi ya miaka mia mbili baada ya tauni, na maelezo ya tauni yenyewe yalianza kusikika katika karne ya 20. Watoto huanguka kwa sababu kuanguka pamoja kunapendeza. Kumtafutia mtoto msiba ndani ya furaha yake ni tabia ya watu wazima wanaoona haya kukubali kwamba furaha inatosha kuwa sababu.

Afrika Mashariki ina mchezo wake wa duara, ule wa ukuti, ambao watoto hushikana mikono, huzunguka, na kuyumba kwa kuiga jani la mnazi linapopigwa na upepo. Mchezo huu umetoka pwani, na Dodoma, iliyo juu ya uwanda wa kati katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, haina minazi. Ina mibuyu, migunga na miarobaini. Watoto wengi wa Nkuhungu wanaoimba ukuti hawajawahi kuona mnazi uliosimama, nazi wanaijua ikiwa imekwisha kufika sokoni Majengo, na wala jambo hilo haliwasumbui, kwa maana mchezo hauhitaji mnazi bali mikono iliyoshikana na miili inayokubali kuyumba kwa wakati mmoja. Wimbo mgeni, basi, si lazima uwe mzigo. Ukuti ulipanda reli na mabasi ukafika bara, ukapata kazi, ukabaki. Swali gumu zaidi linakuja pale wimbo mgeni unapomtia mtoto kinywani ombi ambalo watu wa mahali pale hawawezi kulitamka.

Tukio lililomfanya mwandishi alifikirie jambo hili kwa makini lilitokea katika mwezi wa Januari, katika ua wa nyumba ya jirani. Bibi mmoja wa Kigogo, aliyekuwa ametoka kijijini wilayani Chamwino kuja kumsaidia binti yake aliyejifungua, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mtama, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Wajukuu na wenzao walitoka nje wakaanza kuimba kwa Kiingereza wimbo waliofundishwa katika shule ya awali, ule unaoiambia mvua iondoke ili mtoto apate kucheza, ije siku nyingine. Waliimba vizuri, kwa sauti moja, huku wakipunga mikono kuelekea mawinguni kama walivyoonyeshwa darasani. Bibi aliwauliza wanasema nini, na mkubwa wao, akijivuna kidogo kwa ujuzi wake, akamfasiria. Ungo ulisimama. Bibi hakugomba wala hakupaza sauti, aliwaita wakae karibu naye, akawaambia, "Wajukuu zangu, hapa kwetu mvua haifukuzwi. Mvua inaombwa." Mmoja akamweleza kwamba ni wimbo tu, mwalimu ndiye aliyewafundisha. "Mwalimu namheshimu," bibi akajibu, "lakini mwalimu hajaniona mimi nikiangalia juu."

Ili kulielewa jibu hilo ni lazima kuzijua mvua za Dodoma. Kwa wastani mji hupata kiasi kisichofika milimita 600 kwa mwaka, na kiasi hicho hakipishani sana na kile cha London, ambako wimbo ule wa Kiingereza unaimbwa bila hofu. Tofauti iko katika mgawanyo. London hupata mvua katika kila mwezi wa mwaka, kwa manyunyu yasiyokwisha, kiasi kwamba mtoto aliyefungiwa ndani ana haki ya kuchoka nayo, na hata akiifukuza itarudi wiki ileile. Dodoma hupata karibu mvua yake yote kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine ikabaki mikavu, na mvua ikikatika Januari kwa majuma machache mtama na uwele hunyauka, ng'ombe hukonda, na nyumba yenye akiba ndogo huanza kuhesabu vibaba. Wagogo waliijenga hata mamlaka yao juu ya ukweli huo, kwa kuwa mtemi, kiongozi wa jadi wa eneo, ndiye aliyekuwa mwenye dhamana ya mawe ya mvua na matambiko yake. Mtoto anayepunga mkono kuyafukuza mawingu ya Januari mbele ya mwanamke aliyeishi katika historia hiyo hamfanyii mzaha wa kitoto tu. Anatamka, bila kujua, kinyume cha sala ya bibi yake.

Bibi hakuishia kwenye kuwakataza. Aliwafundisha wimbo mwingine, wa Kigogo, mfupi, wa kuipokea mvua, wenye sehemu ya kuitikia na mahali pa kuruka. Watoto wa Kirangi na Kichaga waliokuwapo waliushika kama sauti tupu, wakikosea hapa na pale, naye aliwarudia kwa subira, akiwapigia mapigo kwa kiganja juu ya ungo. Baada ya siku chache nyimbo zote mbili zilisikika uwanjani: wa Kigogo uliimbwa matone ya kwanza yalipoanguka, na ule wa Kiingereza ulikuwa umegeuzwa kuwa wimbo wa kuruka kamba, mahali ambapo maneno yake hayakumwomba wala kumfukuza mtu, yalihesabu tu mizunguko. Hakuna mtu mzima aliyewaelekeza kufanya hivyo. Watoto waliusikia uzito wa neno la bibi na papo hapo hawakutaka kupoteza sauti waliyoipenda, wakaupa wimbo kazi mpya isiyomuudhi mtu. Na kwa maoni ya mwandishi huo ulikuwa uhakiki wa fasihi uliofanywa kwa hekima kuliko mwingi unaoandikwa vitabuni.

Kutokana na tukio hilo inawezekana kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Wimbo wa mtoto una kitendo na una tamko. Kitendo ni kile ambacho mwili hukifanya, yaani kuzunguka, kupiga makofi, kuhesabu, kulala. Tamko ni lile ambalo maneno hulisema kuhusu dunia, yaani nani anapendwa, nani anaogopwa, nini kinatakiwa kije na nini kinatakiwa kiondoke. Katika ukuti tamko ni jepesi na kitendo ni kizito, ndiyo maana umesafiri bila kuumiza. Katika wimbo wa kufukuza mvua tamko ni zito kuliko linavyodhaniwa, na mwalimu anayeuchagua kwa sababu tu uko katika kitabu chenye picha nzuri, pasipo kujiuliza mtoto atauimba wapi na mbele ya nani, anafanya nusu ya kazi yake.

Bembelezi inaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, waliwasikilizisha watoto wachanga nyimbo za lugha na jamii wasizozijua, wakaona kwamba bembelezi ziliwatuliza na kushusha mapigo yao ya moyo kuliko nyimbo zilizotungwa kwa shughuli nyingine, ingawa mtoto hakuwa na njia ya kuyaelewa maneno. Kama usingizi unatosheka na sauti, mwendo na joto la mgongo, maneno ni ya nani? Ni ya mwimbaji. Ndiyo maana bembelezi za Afrika Mashariki, katika lugha nyingi, zimejaa mambo ambayo mtoto wa miezi sita hana haja nayo: mama aliyechelewa shambani, baba aliyesafiri asirudi, chungu kisicho na kitu, wifi mwenye maneno. Mwanamke aliyekatazwa na heshima kulalamika mbele ya wakwe humlalamikia mtoto, naye mtoto humsamehe kwa kulala. Mshairi wa Hispania Federico García Lorca, katika mhadhara alioutoa Madrid mwaka 1928, aliona vivyo hivyo kwao: kwamba nyimbo za kulazia watoto zilikuwa za huzuni kupita kiasi, na kwamba wanawake maskini waliokwenda kulea katika nyumba za matajiri ndio waliozipeleka huko, wakawalisha watoto wa wakubwa uchungu wa kwao.

Maneno ya Lorca yangeweza kusemwa leo juu ya Dodoma. Katika nyumba nyingi za watumishi waliohamishiwa makao makuu, anayemlaza mtoto mchana ni dada wa kazi, msichana aliyetoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida vijijini, na bembelezi anayoimba ni ya kwao, katika lugha ambayo wenye nyumba hawaielewi. Mama anaporudi kutoka ofisini hupokea mtoto aliyelala, asijue kwamba mwanawe amelazwa kwa historia ya familia nyingine. Kuna wazazi wanaokataza jambo hilo, wakitaka mtoto aimbiwe Kiswahili au Kiingereza pekee ili asichelewe shuleni, na hapo mwandishi hana budi kusema wazi kwamba wanakosea: msichana aliyenyimwa wimbo wake humlaza mtoto kimya au humwekea simu, na vyote viwili ni hasara kwa mtoto kuliko lugha ya tatu iliyoimbwa kwa upendo.

Hofu ya wazazi hao inahusu kusoma, na juu ya kusoma upo ushahidi unaostahili kujulikana na kila mwalimu. Peter Bryant, Lynette Bradley na wenzao, waliofanya kazi Oxford katika miaka ya 1980, waliwafuatilia watoto tangu wakiwa na umri wa miaka mitatu, wakagundua kwamba wale waliojua nyimbo nyingi za kitoto walikuja kuwa wepesi zaidi wa kutambua sauti zilizomo ndani ya maneno, na kwamba wepesi huo uliwasaidia walipoanza kusoma. Kwa Kiingereza faida hiyo hupitia zaidi katika vina, yaani miisho ya maneno inayofanana kwa sauti, kwa kuwa tahajia ya lugha hiyo ni ngumu. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila silabi yake huishia kwenye irabu na mtoto hufundishwa kusoma kwa kuunganisha silabi, msaada mkubwa zaidi bila shaka uko katika makofi: mtoto anayepiga kofi moja kwa kila silabi ya jina la rafiki yake amekwisha kulikata neno katika vipande vilevile ambavyo mwalimu wa darasa la kwanza atamwandikia ubaoni. Kigogo, kama lugha nyingine za Kibantu, nacho kina silabi wazi za aina hiyo, kwa hiyo kofi lililojifunzwa kwa Kigogo halihitaji kujifunzwa upya kwa Kiswahili.

Dodoma ina nasaba yake katika mambo ya tungo za kufundishia, na ni haki itajwe. Mathias Mnyampala, mwandishi wa historia ya Wagogo na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, mwaka ilipoanza Mtunya, njaa kuu iliyosababishwa na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambayo iliendelea hadi 1920. Yeye ndiye aliyeipa nguvu ngonjera, yaani ushairi wa majibizano unaosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira, na baada ya kifo chake mwaka 1969 ngonjera zake zilienea katika shule za Tanzania, kiasi kwamba kwa vizazi vingi hakuna mgeni rasmi aliyeingia shuleni bila kukaribishwa na safu ya wanafunzi wanaojibizana kwa vina. Ngonjera ilikuwa zawadi kubwa kwa elimu. Ila yapasa kuona kwamba inamweka mtoto mahali tofauti na wimbo wa mchezo, kwa sababu katika ngonjera maneno yametungwa na mtu mzima na hukumu ni ya mtu mzima aliyeketi mezani, ilhali katika mchezo wa jioni mtoto ndiye mtunzi, mwimbaji na mwamuzi. Shule nyingi zimebaki na ya kwanza zikaisahau ya pili.

Usahaulifu huo umechunguzwa, tena na mwenyeji. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, aliandika sura katika kitabu kikubwa cha Oxford kuhusu tamaduni za muziki za watoto, kilichotoka mwaka 2013, akaeleza jinsi ambavyo mkondo wa kurithishana muziki kati ya wazee na watoto wa Wagogo umekatika. Kabla yake, Polo Vallejo, mwanamuziki na mtafiti kutoka Hispania, alikuwa ametoa mwaka 2004 kitabu kizima kuhusu ulimwengu wa muziki wa watoto wa Wagogo. Ni jambo la kutia moyo kwamba kazi hizo zipo, na ni jambo la kusikitisha kwamba mwalimu wa darasa la awali wa Nkuhungu, anayehitaji yaliyomo ndani yake kuliko profesa yeyote, hana njia rahisi ya kuyapata kwa Kiswahili.

Kinachopotea si maneno tu. Muziki wa Wagogo, ambao dunia iliusikia kupitia zeze na marimba za Hukwe Zawose hadi alipofariki mwaka 2003, na ambao nyumbani huendeshwa na wanawake wapigao muheme, ngoma zinazobanwa kati ya mapaja, unasifika kwa kuimbwa kwa sauti kadhaa kwa wakati mmoja, kila sauti ikishika njia yake bila kuiacha nyingine. Mtoto aliyekulia ndani ya sauti hizo hujifunza mapema kusikiliza huku akiimba, kushika nafasi yake wakati jirani anaimba kitu kingine, na kuingia mahali palipoachwa wazi. Katika madarasa mengi ya awali ambayo mwandishi ameyasikia kutoka barabarani, watoto wote huimba sauti moja, kwa nguvu zote, na anayeimba kwa nguvu zaidi ndiye anayesifiwa. Hilo si kosa la mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati. Ila tofauti kati ya kupiga kelele pamoja na kuimba pamoja ni tofauti ya malezi, na watoto wa Dodoma walikuwa nayo nyumbani kabla ya kwenda kujifunza kinyume chake shuleni.

Pamoja na hayo yote, haifai kuzilinda nyimbo za watoto kama vitu vya makumbusho, kwa sababu wimbo wa mtoto huishi kwa kubadilishwa. Reli ya Kati ilipita Dodoma katika miaka ya utawala wa Wajerumani, na kwa miongo mingi watoto wa mji huu wamecheza treni, wakishikana viunoni katika mstari mrefu na kutoa mlio wa injini kwa midomo. Treni ya umeme ilipoanza kuja Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, watoto wa Nkuhungu waliacha ule mlio mzito wa zamani. Wa mbele sasa huteleza kimya, wa nyuma hutangaza majina ya vituo kwa sauti ya puani, na wimbo wa kati umeongezewa Morogoro na Kilosa. Mchezo ni uleule, mkono uko kwenye kiuno kilekile, na treni ni mpya. Watoto hawa hawahitaji kufundishwa namna ya kuupokea ulimwengu unaobadilika. Wanachohitaji ni kuwa na nyimbo za kutosha, kutoka pande zote walizotoka wazazi wao, ili wawe na kitu cha kubadilisha.

Na hapo ndipo upungufu ulipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ni hatua njema, lakini mtoto anayekaa darasani asubuhi na mbele ya televisheni jioni hana tena saa ya kukaa karibu na ungo wa bibi. Saa hiyo haina budi kuingizwa shuleni. Walimu wa madarasa ya awali wa Nkuhungu, wa shule za Serikali na za binafsi kwa pamoja, wanaweza kumwomba kila mtoto alete wimbo mmoja kutoka nyumbani kwao, kwa lugha ya nyumbani kwao, uimbwe darasani na wenzake wote pamoja na mchezo wake. Wanaweza kumwalika bibi mmoja wa mtaa kila mwezi akae na watoto chini ya mti. Na kabla ya kufundisha wimbo wowote kutoka kitabuni wanaweza kumuuliza mzee mmoja wa hapo kama una neno la kumkwaza. Wazazi nao wamwache dada wa kazi aimbe. Kazi hii haisubiri bajeti, ila haiwezi kusubiri muda mrefu, kwa kuwa bibi wanaozijua nyimbo hizo kwa ukamilifu, pamoja na sauti zake zote na mahali pa kuruka, ni wazee, na kila mwaka idadi yao inapungua.